Shajara ya mbegu sugu: siku 97 za kukwangua, kuloweka na kungoja

Siku ya 0

Naanza leo. Miaka yote mimi ni mtu wa kusia mbegu, namwagilia wiki mbili, nakasirika, namwaga kopo, halafu namwambia kila mtu mbegu zilikuwa mbovu. Safari hii nimeamua kuandika kila ninachofanya hata kama ni ujinga, ili siku nikija kulaumu mbegu niwe na ushahidi.

Zilizopo mezani: mbuyu 12, mkrismasi 10 (ule mti wa maua mekundu wenye maganda marefu kama panga), epo 8, tufaha kwa Kiswahili cha shuleni, mwarobaini kiganja kimoja zimekaa kwenye droo sijui tangu lini, papai zimetoka kwenye tunda jana bado zina ute, pakiti ya letusi, na pakiti ya lavenda niliyopewa zawadi ambayo kiukweli inanitisha, mbegu zake ndogo nyeusi zinang'aa utadhani viroboto.

Udongo ni mchanga niliouosha nusu na mboji iliyochekechwa nusu, hakuna samadi, mbegu ikiota inakula akiba yake yenyewe kwanza na udongo wenye mbolea kali unaozesha tu. Mchanganyiko uliniishia kabla ya kopo la lavenda, hapo nikachota udongo wa bustanini. Najua sio sawa ila ni kopo moja tu.

Lebo nimeandika kwa maka peni kwenye vijiti vya plastiki. Safi kabisa, inapendeza.

Sasa mkrismasi. Mbegu yake ngumu kama kokoto, ukiidondosha sakafuni inalia ti! Ganda lake halipitishi maji, na hiyo ndio shida yote, ndani kiini kizima ila kiko nyuma ya mlango umefungwa. Nimechukua 4 nikazisugua kwenye msasa, upande wa pili kutoka kwenye kitovu, yaani pale mbegu ilipokuwa imeshikana na ganda la tunda, maana mzizi uko karibu na kitovu na sitaki kuukwangua. Unasugua mpaka ile rangi ya kahawia inaisha unaona kidoa cheupe kidogo, hapo hapo unaacha. Kila mbegu dakika moja hivi, kucha zangu zimekwanguka kuliko mbegu. 4 nyingine nimezichemsha jikoni dakika kumi kama mzee mmoja alivyonielekeza, na 2 nimeziacha kama zilivyo nione. Zote zimelala kwenye maji, glasi tatu.

Siku ya 1

Aisee. Zile 4 za msasa zimevimba karibu mara mbili, ganda limekuwa laini kama mpira, ukiibonyeza inabonyea. Zile 2 ambazo sikuzigusa ziko vile vile, ukizitoa ukazifuta unaweza kuapa hazijawahi kuona maji. Glasi zimepangwa karibu karibu dirishani na nimekaa naziangalia kama mtu anaangalia mpira. Za kuchemsha nazo zimevimba, kwa hiyo huyo mzee ana pointi.

Zilizovimba nimezitoa zote, maana mbegu ikishavimba ukiiacha majini siku mbili tatu inakosa hewa, inakufa kwa kuzama. Nimezifunga kwenye tishu yenye unyevu ndani ya kopo lenye mfuniko.

Mbuyu: 6 nimekwangua kwa tupa (msasa ulishaisha makali), nikaloweka, jioni nikasia. 2 nimesia bila kuzigusa. 4 nimeziweka akiba.

Epo 8 nimeziosha, nikazikunja kwenye tishu yenye unyevu, zikaingia kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ukaingia kwenye friji rafu ya chini. Sio kwenye friza, friji, digrii kama 4 hivi. Epo ni mti wa nchi zenye baridi kali na mbegu yake ina breki ndani, isipopitia baridi ya muda mrefu tena ikiwa na unyevu haioti hata ukiibembeleza vipi. Ingekuwa inaota tu ikidondoka, mche ungekutana na baridi ukiwa na majani mawili na kufa, kwa hiyo inahesabu baridi kwanza ndio iamke. Inataka miezi miwili mpaka mitatu. Baridi ya mbegu kavu haisaidii kitu, ni mpaka iwe imenywa maji.

(Na kabla hujaniuliza: mti wa epo uliotoka kwenye mbegu hautazaa matunda kama lile ulilokula. Najua. Nataka tu kuona inaota.)

Siku ya 2

Mwarobaini. Kabla ya kupoteza wiki sita nimepasua 10 katikati kwa wembe. Ikiwa hai ndani inakuwa na ukijani mbichi kabisa. 9 zilikuwa kahawia, kavu, moja ya njano njano ya kukatisha tamaa. Zote zimekwenda kwenye mboji.

Hapa mbegu hazina kosa ni mimi na droo yangu. Kuna mbegu ambazo ukizikausha na kuzitunza zinakaa miaka, na kuna ambazo ukizikausha umeziua, mwanasayansi anaitwa Roberts ndiye aliyezigawa hivyo kwa majina mwaka 1973. Embe, parachichi, fenesi, kakao hizo hazitaki kabisa kukauka, zinatoka kwenye tunda zinaingia udongoni. Mwarobaini sio mkali kiasi hicho ila nao uvumilivu wake ni mdogo, unaosha nyama ya tunda siku hiyo hiyo, unaanika kivulini, unasia ndani ya wiki chache. Mimi nilitunza vizuri kwenye bahasha, nikaandika na jina. Nimetunza maiti.

Siku ya 3

Papai leo. Kila mbegu ina kifuko cha ute na ule ute una vitu vinavyozuia kuota, ndio maana mbegu haziamki zikiwa bado ndani ya tunda pamoja na maji yote yale. Nimezisugua kwenye chujio chini ya bomba, kifuko kinapasuka kinateleza, chini inabaki mbegu nyeusi yenye mikunjo mikunjo kama pilipili manga. Zikipita maji zinakwaruza chujio, hapo unajua ute umeisha. Nimeanika kivulini mpaka jioni, nikasia 20, nikatupia plastiki juu kushika unyevu.

Letusi nimefanya trei mbili. Ya kwanza nimenyunyiza juu ya udongo nikabonyeza tu kwa kiganja, ya pili nimefukia kama sentimita 2, ambavyo ndivyo nilivyokuwa nafanya siku zote.

Lavenda nimenyunyiza juu juu, nayo inataka mwanga.

Siku ya 5

Mkrismasi za msasa: 3 kati ya 4 zimetoa mzizi, mweupe mnene kama kijiti cha kiberiti. Zimeingia kwenye makopo, mzizi unaangalia chini.

Za kuchemsha: nilifungua kopo harufu ikanipiga. Nimebonyeza moja ikatoka uji. Nimezipika. Yaani nimepika mbegu dakika kumi nikakaa siku tano nangoja zife vizuri.

Nimerudi kusoma na kumbe maji ya moto ni njia halali, mimi ndiye sikuifuata. Unachemsha maji PEKE YAKE, unaipua, unangoja dakika chache yatulie, unamwagia mbegu kwenye bakuli, maji mengi kuliko mbegu mara kadhaa, unaziacha hapo hapo yapoe yenyewe mpaka kesho yake. Kazi ya moto ni kulegeza sehemu moja ya ganda ili maji yapate pa kuingilia, sio kuivisha. Zilizovimba unasia, ambazo hazijavimba unarudia au unapeleka kwenye msasa. Nimefanya hivyo kwa mbuyu 4 za akiba. Kuna watu wanatumia asidi ya salfa kwa hii kazi, kwenye vitalu vikubwa wana vifaa na uzoefu, nyumbani achana nayo kabisa, wembe na msasa zinatosha.

Siku ya 6

Letusi ya juu ya udongo imejaa kijani. Ya kufukiwa, hakuna hata moja.

Nilikaa nikitafakari ni pakiti ngapi za letusi nimezika maishani mwangu. Mwaka 1952 watafiti Marekani walionyesha mbegu za letusi zikimulikwa mwanga mwekundu zinaamka, ukizimulika ule mwekundu wa mbali ambao jicho letu haliuoni vizuri zinalala tena, ukirudia mwekundu zinaamka, kama swichi ya taa, cha mwisho ndicho kinachohesabika. Na ina maana ukifikiria. Majani ya mimea yanakula mwanga mwekundu na kuachia huo wa mbali upite, kwa hiyo mbegu iliyo chini ya kivuli cha mimea wenzake inajua kabisa huku juu pamejaa watu, inaamua kusubiri. Mbegu ndogo kama ile ikiamkia chini sana akiba inaisha kabla haijafika juu.

Joto pia. Letusi ikipata joto la kuzidi digrii 30 inagoma. Trei nimeitoa dirishani nimeiweka chini ya meza yenye mwanga lakini bila jua kali.

Siku ya 9

Mbuyu kimya. Nimefukua moja. Najua, najua. Nilitaka kuona tu kama imeoza au vipi, nikaingiza kijiko pembeni taratibu, nikainua, na ilikuwa na mzizi mrefu, mwembamba kama sindano ya kushonea, mzima kabisa, na nikiwa nafurahia nikasikia tk. Umekatika kwenye kijiko.

Sitaki kuongea.

Siku ya 10

Mbuyu wa kwanza umetoka. Kopo la pembeni kabisa na lile nililofukua jana.

Umetoka umeinama kama mtu anatoka kwenye mlango mfupi, shingo kwanza, ganda bado limebana majani. Nilitaka kulitoa kwa mkono nikajizuia, nikadondoshea tone la maji kila nikipita, jioni likaanguka lenyewe. Majani ya kwanza mawili mapana mazito.

Siku ya 12

Kinyaushi kimeingia kwenye letusi. Jana usiku miche imesimama, asubuhi theluthi moja imelala chini, ukiangalia karibu shingo pale inapogusa udongo imekuwa nyembamba kama uzi na ina rangi ya maji machafu. Ni fangasi na jamaa zao, wanapenda udongo uliolowa muda wote na hewa isiyotembea, na mimi nilikuwa nimefunika plastiki trei zote kwa sababu mtu alisema unyevu, unyevu, unyevu. Plastiki inatakiwa itoke mara mche wa kwanza unapotokeza. Nimeitoa, nimechomoa vilivyoanguka na udongo wake, nimewapunguzia msongamano, na kuanzia leo maji yanapita chini, trei inakaa kwenye beseni inajinywea kisha inatoka.

Pia mvuke wa plastiki umeyeyusha lebo zangu. Maka peni imekuwa moshi wa bluu. Makopo matatu sijui ni ya nani: moja ni lavenda, moja ni papai za ziada nilizosia kwa hamu, moja ni zile mbuyu 2 ambazo sikuzigusa. Nimeandika upya lebo zilizobaki kwa penseli. Penseli haitoki kwa maji, kila mzee wa bustani anajua, mimi sikumuuliza.

Siku ya 15

Kopo mojawapo kati ya yale matatu limetoa vitu! Vidogo sana, majani mawili membamba, chini yana wekundu kidogo. Mbegu zilikuwa ndogo, miche ni midogo, basi ni lavenda. Nimehamisha kopo hilo dirisha lenye mwanga mzuri kuliko yote, mkrismasi nimeisogeza.

Siku ya 17

Mbuyu wa kwanza wa maji ya moto. Wa tupa wameshakuwa wanne, mmoja niliukata mimi na mmoja umeoza. Mbuyu ukikutana na udongo wa kulowa unaoza haraka sana, sasa namwagilia tu ukikauka sentimita ya juu.

Siku ya 19

Papai zimetoka, na zikianza zinatoka kwa fujo, jana sifuri leo 7. Na kopo la pili kati ya yale yasiyo na jina nalo limetoa papai, kwa hiyo kitendawili kimebaki makopo mawili na moja ni lavenda tayari. Mambo yanaenda.

Siku ya 26

Mbuyu wa pili wa maji ya moto. Hawa wawili wengine sidhani.

Lavenda inakua vizuri kuliko nilivyotegemea.

Siku ya 31

Sio lavenda.

Nilikuwa naonyesha mgeni. Nikamshika mkono kabisa mpaka dirishani, nikamwambia hii ni lavenda watu wanashindwa kuiotesha, angalia afya hiyo. Akainama akaangalia, akaniangalia, akasema kwa upole, "Ndugu yangu, hii si mchicha pori?"

Ni mchicha pori. Majani yameshachongoka umbo la mchicha kabisa, hata mtoto angejua, mimi tu ndiye niliyekuwa naona lavenda kwa sababu nilitaka lavenda. Ule udongo wa bustanini. Nimeunyunyizia kwa chupa ya ukungu siku kumi na sita, nikaupa dirisha bora.

Usiku nikakaa nasoma kuhusu akiba ya mbegu kwenye udongo nikakutana na mtaalamu wa mimea anaitwa Beal. Mwaka 1879 huko Michigan alijaza chupa 20 mchanga uliochanganywa na mbegu za mimea ya mwituni, magugu mengi humo, akazizika mdomo ukiangalia chini, ili kila baada ya muda ifukuliwe moja waone nini bado hai. Yeye alishafariki zamani, wanaendelea kupokezana. Chupa iliyofukuliwa 2021 mbegu zake nyingine ziliota, miaka 142 ndani ya ardhi. Sasa ukichota udongo wa bustanini ukaupa maji na mwanga unategemea nini? Zilikuwa zinanisubiri. Udongo ukigeuzwa mbegu ya gugu inapata mwanga kidogo, inajua nafasi imepatikana. Ni kilekile cha letusi.

Lavenda yenyewe kama iliota ilimezwa. Naanza upya: mchanga mpya, nimeumwagia maji yanayochemka kwanza ukapoa, nimenyunyiza mbegu zilizobaki juu juu, kopo lote limeingia kwenye friji wiki tatu, maana nayo wengi wanaipitisha baridi kidogo ili iote kwa pamoja.

Siku ya 38

Nimefungua mfuko wa epo kuangalia. Tishu imekauka kona moja! Friji inavuta unyevu hata kwenye plastiki usipofunga vizuri. Mbegu 2 zilizokuwa kona hiyo zimesinyaa. Nimelowesha tena, nimekamua mpaka haidondoshi, nimeongeza mfuko wa pili. Ukungu kidogo wa kijivu kwenye moja, nimeiosha nikaifuta, iko ngumu, imerudi.

Siku ya 52

Lavenda iliyokuwa kwenye friji imetoka, iko dirishani. Zile mkrismasi 2 ambazo sikuzigusa, bado ziko kwenye glasi, nabadilisha maji kila wiki kwa ukaidi tu. Hazijavimba. Nimezitoa leo, nimepitisha kikata kucha kwenye ganda, tk tk, nikazirudisha.

Siku ya 53

Zimevimba zote mbili. Wiki saba na nusu majini bila kitu, usiku mmoja baada ya tundu dogo kama ncha ya kalamu, hizo hapo zimejaa.

Siku ya 66

Lavenda 3. Majani ya kwanza ni mviringo mviringo, hayafanani na mchicha hata kidogo, sijui nilikuwa naangalia nini.

Siku ya 71

Mtoto alienda kuchukua maji ya baridi akarudi anakimbia, "Baba, kuna mbegu kwenye friji imeota mkia!"

Kweli, mkia. Epo 3 zimepasua ganda kwa ncha na kutoa mzizi mweupe wa kama milimita 5, humo humo gizani kwenye baridi. Baridi ikitosha nyingine haziombi ruhusa ya kutoka. Tumezisia pamoja, yeye anashika mbegu kwa pinseti maana vidole vyangu baada ya siku ya 9 siviamini, shimo la sentimita 1, mkia chini.

Siku ya 80

Epo ya nne na ya tano. Ya sita imeoza, ndiyo ile ya ukungu.

Siku ya 97

Epo 4 zimesimama, ya tano ilitoka bila ncha ya kukua, majani mawili ya akiba na katikati hakuna kitu, naiacha nione. Lavenda 3 zimebaki 2. Papai nimegawa mpaka watu wanajificha wakiniona na kopo. Mibuyu sita iko vizuri na inashangaza watu kwa sababu majani yake ya sasa ni jani moja moja la kawaida, sio yale ya vidole vitano wanayoyajua, wanadhani nimedanganywa tena kama lavenda. Vidole vinakuja baadaye mche ukikomaa.

Lile kopo la mwisho lisilo na jina, ambalo kwa kuondoa mengine yote sasa najua ni la mbuyu 2 ambazo sikuzigusa, bado kimya. Mbegu ya mbuyu yenye ganda zima inaweza kukaa hivyo muda mrefu sana. Nimeliandika lebo kwa penseli, nimelisogeza kivulini, namwagilia mara moja moja. Kijiko nimekirudisha jikoni.

Mkrismasi mizizi imeanza kutokeza kwenye matundu ya chini, kesho zinahama makopo.